Unajimu, sayansi na takwimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika maelezo haya, unajimu ni kusoma tabia na majaliwa ya watu kwa kufuata jua, mwezi na sayari. Astronomia ni kupima na kueleza mienendo ya jua, mwezi na sayari zenyewe. Kwa karne nyingi kazi hizo mbili zilifanywa na watu walewale, mara nyingi usiku uleule, na mengi ya maswali yafuatayo yanazaliwa hapo.

Unajimu ulianzia wapi?

Ushahidi mkongwe wa maandishi unatoka Mesopotamia, eneo la Iraki ya leo. Waandishi wa huko walikusanya ishara za angani katika mfululizo wa vibao vya udongo vipatavyo 70, unaoitwa Enuma Anu Enlil. Mtindo wake ni mmoja: likitokea jambo hili angani, litafuata jambo lile duniani. Mwezi ukipatwa siku fulani, mfalme wa upande fulani yumo hatarini. Raia wa kawaida hakuwamo kabisa. Mbingu zilisema na mfalme na nchi yake, basi.

Wala halikuwa jambo la mzaha. Katika Ashuru ya karne ya 7 KK, kupatwa kwa mwezi kukionekana kumtishia mfalme, mtu mwingine aliketishwa kwenye kiti cha enzi kwa muda ili balaa limwangukie yeye, kisha akauawa. Barua ambazo wataalamu wa mfalme Esarhaddon walimwandikia kuhusu desturi hiyo zimesalia hadi leo.

Utabiri wa mtu binafsi ulichelewa. Kufikia mwisho wa karne ya 5 KK Wababeli walikuwa wameigawa njia ya jua katika sehemu 12 zilizo sawa, kila moja nyuzi 30, nazo ndizo buruji za leo. Chati za kuzaliwa, yaani maelezo ya mahali jua, mwezi na sayari vilipokuwa mtu alipozaliwa, za kale kabisa tunazozijua ni za mwaka 410 KK.

Kwa hiyo walikuwa wanakisia tu?

La. Walikuwa wakusanyaji wa data hodari kuliko wote wa ulimwengu wa kale. Huko Babeli kulikuwa na shajara za anga, zilizoandikwa usiku baada ya usiku. Zilizosalia zinaanzia mwaka 652 KK na kufika 61 KK, yaani karibu miaka 600. Humo mna mahali pa mwezi na sayari, hali ya hewa, kina cha mto Frati, na hata bei za sokoni za shayiri, tende, ufuta na sufu. Wanahistoria wa uchumi wanazitumia kufuatilia bei za kale. Wanaastronomia nao wametumia rekodi zake za kupatwa kwa jua na mwezi kupima jinsi mzunguko wa dunia unavyopungua kasi: siku hurefuka kwa takriban milisekunde 1.8 kila karne.

Kutokana na rekodi za namna hiyo waligundua kwamba kupatwa hujirudia kwa mzunguko wa miaka 18 na siku kama 11, wakaweza kutabiri kupatwa kujako. Ungedhani tukio linaloweza kukokotolewa mapema lingepoteza hadhi ya kuwa onyo kutoka kwa miungu. Halikupoteza. Hesabu ziliboreka, na tafsiri za ishara zikabaki palepale. Mwenendo huo utauona tena na tena katika historia hii: upande wa anga ulisahihishwa kila mara, upande wa maana haukukaguliwa.

Nani aliutengeneza unajimu wa chati kama tunaoujua?

Wasomi wa Kigiriki, wengi wao nchini Misri, kuanzia karne za mwisho kabla ya Kristo. Waliunganisha buruji za Babeli na jiometria yao, wakaongeza nyumba 12 (vipande vya anga vinavyohusishwa na nyanja za maisha) na buruji inayochomoza wakati mtu anapozaliwa. Mashuhuri wao ni Ptolemy wa Aleksandria, karne ya 2 BK. Aliandika Almagest kuhusu mienendo ya anga, na Tetrabiblos kuhusu athari zake kwa watu, na mwanzoni mwa hicho cha pili anakiri kwamba elimu ya kwanza ina uhakika kuliko ya pili. Mfumo wa Kigiriki ulienea hadi India, ukachanganyika na elimu ya huko na kukua kwa njia yake.

Je, wa kale wote waliuamini?

Hapana. Cicero wa Roma aliushambulia mwaka 44 KK kwa hoja ambayo haijachakaa: mapacha huzaliwa chini ya anga ileile, mbona maisha yao hutofautiana? Mtakatifu Augustino aliirudia hoja hiyo kwa mfano wa Esau na Yakobo. Wanajimu walijibu kwamba hata dakika chache hubadilisha chati. Jibu hilo lina bei yake, maana siku hizo hakuna aliyekuwa na saa ya kupima dakika. Kama dakika chache hubadilisha kila kitu, basi karibu chati zote zilizowahi kupigwa zilikuwa na makosa, na mafanikio waliyojivunia hayakutokana na chati.

Wanazuoni wa ulimwengu wa Kiislamu walisemaje?

Waligawanyika. Khalifa al-Mansur alipotaka kujenga Baghdad mwaka 762, aliwaita wanajimu, miongoni mwao Nawbakht na Mashallah, wamchagulie saa ya kuanza. Abu Ma'shar, wa karne ya 9, aliandika vitabu vya unajimu vilivyosomwa hadi Ulaya. Al-Biruni alitunga mwongozo kamili wa fani hiyo mwaka 1029, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na mashaka nayo. Ibn Sina aliandika risala nzima ya kuipinga.

Anayenivutia zaidi ni Ibn Khaldun, mwanahistoria. Katika kitabu chake Muqaddima, cha mwaka 1377, haishii kwenye hoja ya dini. Anasema ujuzi wa uzoefu hupatikana kwa kuona jambo likijirudia mara nyingi, na baadhi ya mizunguko ya angani ni mirefu mno hivi kwamba umri wa mwanadamu hautoshi kuishuhudia ikijirudia. Kwa lugha ya leo, analalamika kwamba sampuli ni ndogo mno. Huyo ni mtu wa karne ya 14.

Kepler na Galileo walipiga chati za nyota. Hilo si ushahidi kwamba unajimu ni sayansi?

Ni kweli walipiga. Galileo aliwapigia hata binti zake. Kepler alitunga kalenda za utabiri akiwa Graz kwa sababu zilikuwa sehemu ya kazi aliyoajiriwa kuifanya, na mwaka 1608 akapiga chati ya jemadari Wallenstein. Tena hakuwa akiigiza. Aliamini kwamba kuna kitu cha kweli ndani yake, ingawa aliudharau unajimu mwingi wa zama zake.

Lakini tazama alivyofanya kazi zake mbili. Katika astronomia alikuwa na vipimo vya Tycho Brahe, sahihi kuliko vyovyote vilivyotangulia. Alipojaribu kueleza njia ya Mirihi kwa duara, hesabu zake zilitofautiana na vipimo kwa dakika 8 za tao. Hiyo ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu unavyoonekana angani. Mwingine angepuuza. Yeye aliitupa kazi ya miaka, akaanza upya, akafikia duaradufu aliyoitangaza mwaka 1609. Mwenyewe aliandika kwamba dakika hizo 8 ndizo zilizofungua njia ya kuirekebisha astronomia yote.

Sasa niambie ni kanuni gani ya unajimu imewahi kutupwa kwa sababu ilikosea kwa dakika 8, au kwa miaka 40. Cardano, mtaalamu wa hisabati aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika juu ya hesabu za bahati, alipiga chati ya mfalme kijana Edward VI wa Uingereza mwaka 1552, akamwona akiishi kupita miaka 50. Mfalme akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 15. Cardano alichapisha chati hiyo hata hivyo, pamoja na maelezo ya kwa nini hakuliona hilo. Kanuni zenyewe hazikuguswa.

Utabiri gani mkubwa umekosa?

Mwaka 1186 sayari zilipokaribiana, barua zilizunguka Ulaya zikionya juu ya dhoruba za kuangamiza. Hazikuja. Februari 1524 sayari zilikutana katika buruji ya Samaki, na kwa miaka kadhaa kabla yake vijitabu vingi vilichapishwa kutangaza gharika. Gharika haikutokea.

Upande wa pili, mnajimu William Lilly wa London alichapisha mwaka 1651 picha za mafumbo, mojawapo ikionyesha mapacha wakiangukia motoni, na mwaka 1666 jiji likaungua. Kamati ya Bunge ilimwita kumhoji. Leo anakumbukwa kwa hilo moja, si kwa lundo la utabiri mwingine aliotoa katika almanaka zake mwaka baada ya mwaka. Ukitabiri vya kutosha, kimoja kitagonga.

Ni kweli nyota yangu imebadilika?

Mhimili wa dunia huyumba polepole, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000. Hipparchus aliligundua hilo karne ya 2 KK. Kwa hiyo buruji zinazohesabiwa kwa majira zimeachana na makundinyota zenye majina yaleyale kwa nyuzi moja kila miaka 72 hivi. Aliyezaliwa mwanzoni mwa Aprili huambiwa ni Kondoo, ilhali siku hiyo jua huonekana katika kundinyota la Samaki. Tena kwa mipaka rasmi ya wanaastronomia jua hupita katika makundinyota 13. La kumi na tatu ni Mshikanyoka, ambamo hukaa siku kama 18, zaidi kuliko katika Nge ambamo hukaa siku 7 tu.

Hoja hii hupendwa sana na wapinzani wa unajimu, na kusema kweli si hoja yao kali. Wanajimu wa Magharibi hujibu kwamba buruji zao ni vipande vya majira, hazitegemei nyota. Wa India hutumia mfumo unaozifuata nyota, na leo pengo kati ya mifumo hiyo ni takriban nyuzi 24. Swali gumu ni jingine: mifumo miwili inampa mtu mmoja buruji mbili tofauti, na wafuasi wa kila mmoja wanasema wao ndio wanaopatia. Na kama ni majira, mbona aliyezaliwa kusini mwa ikweta, ambako majira ni kinyume, anapewa maelezo yaleyale?

Utaridi ikirudi nyuma, mambo huharibika?

Utaridi hairudi nyuma. Huonekana hivyo kwa sababu sisi na yenyewe tunalizunguka jua kwa kasi tofauti. Hutokea mara tatu kwa mwaka, wakati mwingine nne, wiki tatu hivi kila mara. Ukijumlisha, ni karibu moja ya tano ya mwaka. Chagua hitilafu zozote tano za simu au mipango iliyovurugika. Moja wapo inatarajiwa kuangukia humo bila msaada wa sayari yoyote.

Mwezi huvuta bahari. Kwa nini sayari zisimvute mtoto anayezaliwa?

Zinamvuta, kidogo mno. Mirihi hata ikiwa karibu kabisa na dunia, mvutano wake kwa mtoto ni mdogo kuliko wa mkunga aliyesimama nusu mita kutoka kitandani. Nguvu inayosababisha maji kujaa na kupwa hupungua haraka zaidi kwa umbali, kwa hiyo hapo mkunga anaishinda Mirihi kwa mbali sana. Na Uranus, iliyogunduliwa mwaka 1781, na Neptune, mwaka 1846, zilikuwapo siku zote. Chati za kabla ya hapo hazikuonyesha pengo lolote lililowashtua wanajimu.

Mbona maelezo ya nyota yangu yananifaa kabisa?

Kwa sababu yanamfaa karibu kila mtu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akampa kila mmoja "matokeo yake". Wote walipewa maandishi yaleyale, ambayo kwa sehemu kubwa aliyachota kwenye kitabu cha unajimu. Walipoombwa kupima usahihi kwa alama 0 hadi 5, wastani ulizidi 4.

Mfaransa Michel Gauquelin alifanya ukatili zaidi. Alitangaza gazetini kutoa uchambuzi wa chati bure, akawatumia watu uchambuzi mmoja uleule. Kati ya 150 wa kwanza waliojibu, asilimia 94 walisema unawaeleza sawasawa. Chati yenyewe ilikuwa ya Marcel Petiot, daktari. Alikatwa kichwa mwaka 1946 kwa kuua watu kwa wingi.

Unajimu umewahi kupimwa kwa haki?

Mara nyingi, na baadhi ya vipimo viliandaliwa kwa kushirikiana na wanajimu. Cha Shawn Carlson kilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1985. Wanajimu 28, waliotambuliwa na wenzao kuwa wa kiwango cha juu, walipewa chati za watu pamoja na ripoti tatu za tabia, moja tu ikiwa ya mwenye chati. Wala wao wala aliyewahudumia hakujua jibu. Walitarajia kupatia angalau nusu. Walipatia theluthi moja, ambayo hata kwa kufumba macho ungepata.

Hoja ya mapacha ya Cicero nayo ilipata data yake. Utafiti wa muda mrefu wa Uingereza uliwafuatilia watoto waliozaliwa wiki moja ya Machi 1958. Geoffrey Dean, aliyewahi kuwa mnajimu, na Ivan Kelly walichukua zaidi ya 2,000 kati yao waliozaliwa London, wengi wakipishana kwa dakika chache tu, na kuwalinganisha kwa vigezo zaidi ya 100: akili, afya, hasira, kazi. Waliofuatana kuzaliwa hawakufanana kuliko wengine.

Kuhusu ndoa, David Voas alitumia sensa ya England na Wales ya mwaka 2001, zaidi ya watu milioni 20 walio katika ndoa. Mwanzoni wanandoa wa buruji moja walionekana kuzidi kidogo. Alipochimba akakuta chanzo: baadhi ya waliojaza fomu waliandika tarehe yao wenyewe kwenye nafasi ya mwenzi. Makosa hayo yalipoondolewa, mapenzi ya nyota yakatoweka nayo.

Na ile "athari ya Mirihi"?

Hii ndiyo kesi ngumu, na anayeipita haraka hajaisoma. Gauquelin yuleyule wa chati ya Petiot alikusanya maelfu ya saa za kuzaliwa kutoka kwenye vitabu vya vizazi. Vipimo vyake mwenyewe vilionyesha kwamba buruji hazitabiri chochote. Lakini mwaka 1955 alitangaza kwamba mabingwa wa michezo walizaliwa zaidi Mirihi ikiwa imetoka kuchomoza au imetoka kupita utosini: asilimia 22 hivi, badala ya 17 iliyotarajiwa.

Hakuwa tapeli, na wakosoaji hawakuibuka safi. Kundi la wanasayansi wa Marekani lililojaribu kumkanusha miaka ya 1970 lilishughulikia takwimu vibaya kiasi kwamba Dennis Rawlins, mwenzao, aliwashutumu hadharani mwaka 1981. Ilibidi kamati ya Ufaransa ikusanye upya mabingwa 1,066, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 hayakuonyesha athari hiyo. Kamati pia ilibaini kwamba mapendekezo ya Gauquelin ya nani aongezwe na nani aondolewe yaliegemea upande wa kuipa Mirihi nguvu. Dean aliongeza maelezo mengine: zamani wazazi ndio walioripoti saa ya kuzaliwa, na wenye imani ya nyota wangeweza kuisogeza kidogo ili iangukie pazuri.

Kwangu huu ndio wakati unajimu ulipokaribia zaidi kuwa sayansi, maana dai lilikuwa wazi, linahesabika, na lingeweza kushindwa. Likashindwa.

Data kubwa za leo haziwezi kufichua uhusiano uliokuwa umejificha?

Zinaweza kufichua uhusiano mwingi mno, na hiyo ndiyo shida. Peter Austin na wenzake walichambua rekodi za wakazi wapatao milioni 10 wa Ontario, Kanada. Wakatafuta kwa kila buruji magonjwa mawili yanayowalaza watu wake hospitali kuliko wengine, wakayapata kwa buruji zote 12. Wenye Simba: kutokwa na damu tumboni. Wenye Mshale: kuvunjika mfupa wa juu wa mkono. Kisha wakajaribu matokeo 24 hayo kwa nusu nyingine ya watu waliyokuwa wameiweka kando. Yalisalia hayo mawili tu, nayo yakaanguka walipozingatia idadi ya vipimo walivyofanya. Lengo lao tangu mwanzo lilikuwa kuwaonya watafiti wa tiba.

Onyo la aina hiyo lilikuwa limeshatolewa mwaka 1988. Jaribio la tiba liitwalo ISIS-2, lenye wagonjwa 17,187 wa moyo, lilithibitisha kwamba aspirini huokoa maisha. Watafiti wakawagawa wagonjwa kwa buruji kuonyesha hatari ya kukatakata data: kwa Mapacha na Mizani, aspirini ilionekana kudhuru kidogo.

Kwa hiyo mwezi wa kuzaliwa hauna athari yoyote?

Una. Katika mchezo wa hoki ya barafu Kanada, ambako vikundi vya umri hukatwa tarehe 1 Januari, wachezaji wengi wa ngazi za juu wamezaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa sababu utotoni walikuwa wakubwa kwa miezi kadhaa kuliko wenzao. Ukihamisha tarehe ya kukata, faida nayo huhama. Nyota hazihami.

Nawezaje kujaribu mwenyewe?

Chukua maelezo ya tabia ya buruji zote 12, ufute majina, tarehe na kila alama inayoweza kuwafichua wenyewe. Tafuta watu wasiofuatilia nyota, maana anayejua yeye ni Simba atachagua aya yenye fahari. Mtu mwingine, asiyejua ipi ni ya nani, awape wachague aya moja tu inayowafaa. Kwa watu 24, kubahatisha kutakupa wawili waliopatia. Wakiwa watatu au wanne bado si ajabu. Wakifika kumi, rudia kwa watu wapya kabla hujamwambia yeyote.